Sponji kavu haizuii vumbi

Kwa Mhariri,

Kaskazi ikishashika, kati ya Desemba na Machi, kazi moja hujaa katika gereji za pikipiki hapa Malindi: pikipiki iliyonunuliwa mkono wa pili si zamani, inatoa moshi wa samawati, inakula oili, na asubuhi haiwaki mpaka isukumwe. Mwenyewe humlaumu aliyemuuzia, au oili, au nchi iliyoiunda. Boksi la filta ya hewa likifunguliwa, mara nyingi jibu limo humo: sponji iliyokauka, au iliyochanika, au kipande cha godoro kilichokatwa kwa mkasi, au boksi tupu. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kazi ya sponji hiyo na utunzaji wake, kwa maana mwenye pikipiki anaweza kuufanya mwenyewe nyumbani, na wengi wanaufanya kinyume.

Kwanza mtu ajue ana filta gani. Pikipiki zinazopita mitaani kwetu zina filta za aina tatu, na kinachoifaa moja huiua nyingine. Iko ya karatasi kavu yenye mikunjo migumu. Hiyo haioshwi wala haipakwi oili. Hupulizwa taratibu kwa hewa ya kompresa kutoka ndani kwenda nje, na uchafu ukishakolea hubadilishwa. Iko ya karatasi iliyotiwa oili kiwandani, ambayo ikiwa mpya ukiigusa inanata vidoleni. Hiyo haipulizwi, haioshwi, haiongezwi kitu. Muda wake ukiisha hutupwa. Ya tatu ni sponji ya kutiwa oili, na ndiyo ninayoizungumzia. Usitegemee jina lililoandikwa kwenye tangi. Kampuni moja hutumia filta tofauti katika modeli tofauti, na pikipiki iliyopita mikono ya watu huenda imeshabadilishwa boksi zima. Honda CG125 za zamani zina sponji, na si chache za Kichina zilizotokana na injini ile zina sponji pia, lakini hata hizo zifungue utazame kabla hujaenda dukani.

Sasa oili inafanya nini? Ukiinua sponji ya filta kwenye mwanga utaona matundu yake kwa macho. Vumbi linaloila injini ni dogo mno kuliko matundu hayo: chembe za mikroni 5 hadi 20, ilhali unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Kwa hiyo sponji kavu huzuia majani, wadudu na changarawe, na vumbi lenyewe hulipa njia. Kinachokamata vumbi ni oili. Hewa ikipita ndani ya sponji hulazimika kukata kona nyingi. Hewa yenyewe ni nyepesi, inazikata. Chembe ya vumbi ni nzito, inashindwa, inagonga ukuta wa sponji. Ukuta ukiwa na oili, chembe inanasa papo hapo. Ukiwa mkavu, inaachia na kuendelea hadi kwenye kabureta, pale hewa inapochanganywa na petroli. Ndiyo sababu nasema bila kusita kwamba sponji iliyooshwa ikang'aa, kisha ikarudishwa bila oili, ni hatari kuliko ile chafu iliyokuwa bado na oili yake.

Na hewa yenyewe si kidogo. Injini ya cc 125 yenye mipigo minne, ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, huvuta pumzi mara 2,500. Gesi ya mkononi ikivutwa hadi mwisho, hiyo ni zaidi ya lita 250 za hewa kila dakika. Mwendo wa kutoka mjini hadi Marafa nyuma ya lori ni maelfu ya lita za hewa yenye vumbi, na zote zinapita katika kipande cha sponji kinachoenea kiganjani.

Vumbi la huku halifanani. Lile jeupe la mawe ya matumbawe, la upande wa Watamu na kando ya bahari, sehemu yake kubwa ni chokaa. Ni laini kuliko chuma, lakini ni jembamba kama unga na huziba sponji upesi. Vumbi jekundu la Chakama, Baricho na Langobaya, pamoja na mchanga unaoletwa na Mto Sabaki, lina chembe za kwatzi, yaani madini magumu ya mchanga, na kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha silinda na mbali sana kuliko alumini ya pistoni. Nafasi kati ya pistoni mpya na silinda ni sehemu chache za mia za milimita moja. Chembe ikiingia hapo husaga pande zote mbili: inakwangua ukuta wa silinda, inakula ringi (pete za pistoni), kisha inashuka na kuchanganyika na oili ya injini, ambayo nayo huipeleka kwenye beringi na kwenye vali. Pikipiki inaweza kufanya kazi wiki nyingi ikiwa katika hali hii bila mwenyewe kusikia lolote, na siku moshi wa samawati unapoonekana, kuosha filta hakurudishi kitu tena. Hapo ni seti ya silinda, pistoni na ringi.

Kwa hiyo anayenunua pikipiki iliyotumika asiishie kutazama rangi, tairi na kusikiliza mngurumo. Kabla pesa hazijatoka mfukoni, aombe kufungua boksi la filta. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Tazama sponji, halafu tazama upande wa pili wake, yaani upande safi unaoelekea kwenye kabureta. Pitisha kitambaa cheupe ndani ya mpira unaounganisha boksi na kabureta. Kikitoka na unyevu kidogo wa oili safi, si neno. Kikitoka na vumbi jekundu au tope, injini hiyo imekuwa ikila mchanga, na bei iteremke kwa gharama ya kufungua injini, au uiache. Ukiambiwa filta ilitolewa ili pikipiki ivute vizuri, hapo ondoka. Pikipiki isiyo na filta huvuta hewa nyingi kuliko ile iliyokadiriwa kwa kabureta yake, mchanganyiko unapungua petroli, injini inachemka, na vumbi lote linaingia.

Kwenye kuosha ndiko makosa yalikojaa, nami nitakwenda polepole.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, mahali pasipo upepo wa vumbi. Funga bomba la petroli. Kabla ya kufungua chochote, futa nje ya boksi kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu vumbi lililolala juu ya kifuniko huangukia ndani mara tu skrubu inapolegea. Ondoa kifuniko cha ubavuni, kisha skrubu za boksi. Nyingi ni za bisibisi ya nyota au spana namba 8 au 10. Pwani hii skrubu hizo hushika kutu, na za upande wa Gongoni na Marereni penye mashamba ya chumvi hushika zaidi. Usilazimishe ukavunja kichwa. Tia oili nyepesi, subiri, kisha jaribu tena. Toa sponji pamoja na fremu yake, ukikumbuka upande gani ulitazama wapi. Mara moja ziba mdomo wa mpira wa kabureta kwa kitambaa safi kikubwa kisichoweza kumezwa. Kitambaa kidogo kilichosahauliwa humo kimekwisha kusumbua mafundi wengi.

Chunguza sponji kabla ya kuiosha, kwani uchafu wake una habari. Ukiwa umeenea sawasawa upande wa nje, na upande wa ndani ni safi, filta inafanya kazi. Ukiona mstari wa vumbi ukingoni, pale sponji inapokutana na boksi, hewa inapita pembeni bila kuchujwa. Ukiona sehemu ya chini imelowa oili na ya juu imekauka, oili imeteremka.

Vua sponji kwenye fremu. Mimina mafuta ya taa kwenye karai, nusu lita inatosha, na uiloweshe sponji humo huku ukiibonyeza na kuiachia kwa viganja. Usiisokote kama nguo; ikisokotwa inachanika kwenye maungio ya gundi, na mchaniko huo hauonekani mpaka uinyooshe. Maji hayo ya kwanza yatakuwa tope. Yamwage kwenye chupa, tia mafuta ya taa mengine kidogo, rudia. Wengi hutumia petroli kwa kuwa iko karibu, tangini. Petroli hula gundi ya maungio, hukausha sponji ikaanza kumeguka baada ya miezi, na mvuke wake hushika moto kwa cheche moja tu ya swichi au sigara. Hewa ya kompresa nayo isielekezwe kwenye sponji, kwani inapanua matundu na kuchana.

Mafuta ya taa yakishatoa oili ya zamani, osha sponji kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Usitie dawa ya kung'arisha nguo. Suuza mpaka povu liishe. Hapa kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya pikipiki havilisemi: maji ya visima vingi vya Malindi yana chumvi. Ukisuuza kwa maji hayo, yakikauka yanaacha chembe za chumvi ndani ya matundu ya sponji, na chumvi huvuta unyevu, na penye unyevu oili haishiki. Suuza ya mwisho iwe ya maji ya bomba au ya mvua. Lita mbili zinatosha.

Kamua kwa kuibonyeza ndani ya taulo, kisha itundike kivulini penye upepo. Jua kali huidhoofisha sponji, ikawa ngumu na kuanza kuacha ungaunga. Kwa upepo wa pwani itakauka kwa saa mbili hadi tatu, na wakati wa masika subiri zaidi. Lazima ikauke kabisa. Ikiwa bado ina maji ndani, oili itakaa juu juu tu, na maji yatakapokauka barabarani yataacha madoa makavu yanayopitisha vumbi. Ikishakauka, inyooshe kwa upole mbele ya taa. Tundu, mchaniko, au sehemu inayobaki vidoleni ukiisugua ni alama ya kuibadilisha. Usiishone wala usiigandishe kwa gundi ya viatu.

Oili sasa. Iliyo bora ni ile iliyotengenezwa maalumu kwa sponji za filta. Inanata, na ina kiyeyushi kinachoruka baada ya muda na kuacha utando mzito usioteremka. Ukiipata, itumie, na uisubiri kama lebo inavyosema kabla ya kuwasha injini. Isipopatikana, fuata kitabu cha pikipiki yako. Vitabu vya Honda vya modeli nyingi za sponji vinataja oili ya gia SAE 80-90. Watengenezaji wengine wanataja oili ya injini. Watu huogopa wakiona namba 90 wakidhani ni nzito kupita kiasi. Namba za oili ya gia na za oili ya injini hazipimwi kwa mizani moja. Oili ya gia ya 90 inakaribia uzito wa oili ya injini ya 50. Kwa hiyo asiye na oili ya gia, akitumia oili mpya ya injini ya 20W-50, hajaenda mbali.

Neno la kushika hapo ni "mpya". Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini isiguse sponji hata tone. Ina masizi, ina asidi, ina unga wa chuma, na yote hayo yako upande wa mvuto wa hewa. Mafuta ya kupikia hugeuka gamu baada ya siku kadhaa za joto. Dizeli ni nyepesi, inatiririka ikaacha sponji kavu. Griisi huziba matundu. Mahali pake ni ukingoni tu, kama nitakavyoeleza.

Weka sponji kavu ndani ya mfuko safi wa plastiki usiopenyeza. Kwa sponji ya pikipiki ya cc 100 hadi 150, mimina vijiko vitatu vya mezani vya oili, karibu mililita 45. Funga mdomo wa mfuko na uikande sponji ndani kwa dakika mbili tatu mpaka rangi iwe moja kila mahali. Madoa mekundu au meupe yaliyobaki ni sehemu kavu. Ongeza matone hapo na ukande tena. Halafu ibonyeze kwa nguvu kati ya viganja, oili ya ziada itoke. Kipimo ni hiki: ukiishika hewani isidondoshe, na ukiikandamiza kwenye karatasi ya chooni iache alama yake sawasawa bila kulowesha karatasi ikatota. Itundike nusu saa zaidi, bonyeza mara ya mwisho, ndipo iko tayari.

Kuzidisha nako kuna madhara yake. Oili nyingi huvutwa kwenye kabureta, huziba vitundu vidogo vya hewa, plagi inakuwa nyeusi yenye mafuta, na pikipiki inakohoa ikipigwa gesi. Mtu akiona hivyo huamua oili haifai na siku ya pili anairudisha sponji kavu. Dawa ni kukamua, si kuacha.

Wakati sponji inakauka usikae bure. Futa boksi ndani kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha kwa kikavu. Chini ya boksi kuna mpira mdogo uliozibwa au kizibo. Kifungue maji na oili vitoke. Tazama mpira wa kabureta pande zote kwa kuukunja kidogo, kwani nyufa hujificha kwenye mikunjo na mpira wa zamani hukauka kwa joto na chumvi. Kaza klampu zake. Hapa pana tofauti ambayo hata baadhi ya mafundi huipuuza. Ufa ulio kati ya kabureta na injini hujitangaza: injini inapanda mwendo yenyewe, inachelewa kushuka ukiachia gesi, na ukinyunyizia maji ya sabuni pale penye ufa mlio unabadilika. Ufa ulio kati ya boksi na kabureta hausemi kitu. Pikipiki inakwenda vizuri, kabureta inapata hewa yake, ila hewa hiyo haikupita kwenye sponji. Huo wa pili ndio unaomaliza silinda kimyakimya, nao haujulikani ila kwa macho na kidole.

Ukirudisha, visha sponji kwenye fremu bila kuikunja, hakikisha fremu haikuvunjika pembe, kisha paka utando mwembamba wa griisi ukingoni pale inapokaa kwenye boksi. Griisi huziba nafasi ndogo na pia ni shahidi: utakapofungua mara nyingine, vumbi lililogota kwenye griisi upande wa nje ni sawa, lakini likivuka hadi upande wa ndani, filta haikukaa. Toa kile kitambaa. Kaza skrubu kwa zamu, si moja hadi mwisho halafu nyingine, kwani kifuniko cha plastiki hupinda.

Wenye pikipiki za mkono wa pili wajue jambo moja zaidi. Huenda mwenye kwanza aliendesha bila filta, na fundi wake akabadilisha jeti kuu ya kabureta (kitundu kinachopitisha petroli) ikawa kubwa ili kufidia hewa iliyozidi, au akainua sindano ya kabureta, inayopunguza au kuongeza petroli, kwa kuhamisha klipu yake. Ukiirudisha sponji nzuri, hewa inarudi kiasi chake lakini petroli imezidi: moshi mweusi, plagi yenye masizi makavu, petroli inaisha upesi. Mtu husema sponji imeharibu pikipiki. Jeti ina namba iliyochongwa juu yake. Linganisha na namba ya kitabu, uirudishe ya asili. Petroli ikizidi kwa muda mrefu, nayo huosha oili kwenye ukuta wa silinda na kuleta uchakavu uleule uliokuwa unauepuka.

Moshi mweusi usichanganywe na wa samawati. Mweusi ni petroli nyingi au hewa kidogo, na filta iliyoziba ni mtuhumiwa wa kwanza: pikipiki inawaka vizuri, inakwenda, ila haifiki mwendo wake wa juu. Samawati ni oili inayoungua, na hapo tazama ringi au sili za vali. Plagi nyeupe iliyokauka, pamoja na milio ya kupasuka kwenye ekzosi unapoachia gesi, ni dalili ya hewa kuzidi, yaani sponji imechanika, imetolewa, au kuna ufa.

Mara nyingine sponji hulowa oili ambayo hukuitia. Injini nyingi zina mpira wa pumzi unaotoka kwenye injini hadi kwenye boksi la filta. Oili ya injini ikijazwa kupita alama, hurushwa kupitia mpira huo. Wengi humimina chupa nzima ya lita moja bila kupima, kwa kuwa chupa ndivyo inavyouzwa. Pima kwa kijiti pikipiki ikiwa imesimama wima, na ujue kwamba kwenye Honda nyingi kijiti hicho huingizwa bila kukazwa wakati wa kupima. Kama oili haikuzidi na bado boksi linajaa, gesi za mwako zinapita kwenye ringi zilizochakaa, na hilo si tatizo la filta tena.

Kuhusu muda, namba za vitabuni, kama kilomita 4,000, ziliandikwa kwa barabara za kawaida. Kwa anayefanya kazi ya lami tu, kati ya mjini, Gede na Watamu, kila kilomita 2,500 ni busara. Kwa anayekwenda Marafa, Adu, Chakama au Baricho, ni kila kilomita 1,000, na anayefikisha kilomita 100 kwa siku ajue hizo ni siku kumi. Kila wiki afungue kifuniko na kugusa sehemu ya juu ya sponji kwa kidole, hasa ikiwa pikipiki hukaa juani kutwa steji, kwa sababu joto hulainisha oili ya kawaida ikateremka chini. Ikiwa kidole kinatoka kikavu, wakati umefika hata kama kilomita hazijatimia. Baada ya kupita kwenye maji marefu, au baada ya kuoshwa kwa mashine ya presha na maji yakarushwa chini ya kiti, fungua siku hiyo hiyo.

Ninayo maombi mawili. La kwanza kwa wenye maduka ya spea: tafadhalini waambieni wateja filta mnayowauzia ni ya aina gani, na msiwauzie sponji ya godoro kwa jina la filta. Sponji ya godoro ina utando mwembamba unaoziba sehemu ya vitundu vyake, haipitishi hewa sawasawa, na ikikutana na mvuke wa petroli inalegea na kumeguka, na vipande vyake huishia kwenye kabureta. Ya filta imeondolewa utando huo na kubaki nyuzi tu. Ukiiweka mdomoni ukapuliza, pumzi inapita bila kizuizi.

La pili kwa vikundi vya bodaboda. Kila steji inaweza kuwa na karai moja, dumu dogo la mafuta ya taa na chupa ya oili ya gia, vikagharimiwa na mfuko wa kikundi. Na kila mwanachama awe na sponji mbili: moja ndani ya pikipiki, nyingine imeoshwa, imetiwa oili na kufungwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya kiti. Hivyo hakuna atakayepoteza saa tatu za kazi akingoja sponji ikauke, na hakuna atakayeshawishika kuirudisha ikiwa mbichi. Mafuta ya taa yaliyotumika yaachwe kwenye chupa usiku kucha. Tope litakaa chini, na yaliyo juu yamiminwe taratibu yatumike tena kwa maji ya kwanza. Lile tope liwekwe kwenye kopo pamoja na oili chafu kwa ajili ya wanaozikusanya. Lisimwagwe mchangani, kwa kuwa mwamba wetu wa matumbawe unapitisha maji haraka na visima viko karibu.

Fundi wa pikipiki,
Malindi, Kaunti ya Kilifi